Tulivyomtafutia Zuhura Daktari

Msimamizi wenu wa mafunzo alinipigia simu akaniomba niwaandikie kurasa chache, ninyi mnaoanza kazi ya uuguzi wa afya ya akili hapa Kigoma. "Mama Yustina, andika kitu cha kuwatia moyo vijana," akasema. Nikamwambia nitajaribu. Nimejaribu siku tatu na sijaweza. Moyo mtatiwa na wengine. Mimi nitawasimulia habari ya mtoto mmoja na madaktari wake, na mkimaliza kusoma mkaamua kwenda kusomea ukunga, sitawalaumu.

Mimi mwenyewe nilitaka ukunga. Nilishuka kutoka Kalinzi nikiwa na cheti changu na sanduku la bati, nikajua nitazalisha. Wakanipeleka kwenye wodi ambayo siku hizo kila mtu aliiita wodi ya vichaa, hata mganga mkuu. Mama yangu aliona aibu sana. Akawaambia majirani kwamba niko wodi ya macho. Alikufa bila kuwaambia vinginevyo, na mpaka leo nikienda kijijini kuna wazee wananisimamisha njiani katikati ya mibuni, wanafunua kope kwa kidole, wananiuliza kama huo ni mtoto wa jicho.

Aliyenifundisha kazi hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa wodi, Mzee Bukuru, mtu wa darasa la saba, mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Wiki yangu ya kwanza niliingia wodini nikiwa nimening'iniza funguo kiunoni kama bibi harusi wa polisi. Mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu, akazichomoa, akajifungia kwenye stoo ya dawa, akafungua kidirisha akaanza kugawa vidonge. Tena kwa foleni. Aliuliza jina na umri, akaandika. Mimi nilikuwa napiga kelele nje. Mzee Bukuru akanisogeza pembeni, akasimama mwisho wa ile foleni, akangoja zamu yake. Alipofika dirishani akasema, "Shikamoo daktari. Muda wa chakula umefika, na wenzako wanakungoja." Yule mwalimu akafunga daftari, akatoka, akampa funguo.

"Uliona?" Mzee Bukuru akaniambia baadaye. "Wewe ulikuwa unamwangalia kichaa. Mimi nilikuwa namwangalia mtu aliyekuwa kazini."

Alinifundisha kuacha funguo na bangili nyumbani. Alinifundisha kukaa chini kuliko mgonjwa, hasa akiwa mtoto. Alinifundisha kwamba mama anayetoka Mwandiga au Kagunga ukimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," atakuambia mambo ambayo kwa Kiswahili asingeyasema, kwa sababu Kiswahili kwake ni lugha ya ofisini, na ofisini watu hujibu wanachodhani kinatakiwa. Nawaeleza haya yote ili mjue kwamba nilifundishwa vizuri. Siwezi kujificha nyuma ya kutokujua.

Sasa Zuhura.

Mama yake alikuwa anauza mawese Ujiji. Alikuja kliniki asubuhi moja akiwa amembeba mgongoni, na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka saba, miguu inamfika mama yake magotini. Alikuwa amemfunga kwa kanga mbili. Mikono ya yule mama ilikuwa na alama za meno, nyingine mbichi, nyingine za zamani.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Mbona unambeba mtoto mkubwa hivi?"

"Nikimshusha anakimbilia ziwani."

"Ana tatizo gani?"

"Ningejua nisingekuja."

Nilimpenda hapo hapo. Alikaa, akaeleza. Mtoto anasema maneno machache, na hayo machache hasemi kwa watu. Nyumbani ana nafuu. Shuleni anapiga kelele, anauma, anapindua madawati, kisha anatoka mbio hadi majini. Mara mbili wavuvi wamemtoa akiwa maji yanamfika kidevuni. Mwalimu mkuu amesema asirudi mpaka atibiwe. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshampeleka kwa shehe akasomewa, na kwa mganga mmoja upande wa Mwandiga akachanjwa chale. "Kila mmoja alinipa jibu siku ile ile," akasema. "Nikadhani hospitali mtachukua muda zaidi."

Hatukuchukua muda zaidi.

Wakati ule hatukuwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Alikuwa anakuja mmoja kutoka nje ya mkoa, mara chache kwa mwaka, anakaa siku mbili, anaona kila mtu. Jina lake sitalitaja. Tulimwita Daktari wa Ziara. Alikuwa msafi, anavaa tai hata kwenye joto letu, na aliandika haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Siku ya zamu ya Zuhura kulikuwa na benchi mbili zimejaa koridoni.

"Anapiga watu?" akamuuliza mama, macho kwenye karatasi.

"Ndiyo daktari, lakini si kila…"

"Anakimbia?"

"Ndiyo."

"Kuna mwingine kwenye ukoo?"

"Hapana."

Wakati huo Zuhura alikuwa ameingia chini ya meza. Mimi nilimwona. Alikuwa amefungua kamba za viatu vya daktari, amezichomoa zote mbili kwenye matundu yake, akazinyoosha sakafuni sambamba kabisa, ncha kwa ncha, na alikuwa akizisogeza kwa kidole kimoja mpaka zilingane. Alikuwa ametulia kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Daktari alipoinuka kumwita mgonjwa mwingine kiatu kilibaki nyuma, akajikwaa, akashika meza. Wote koridoni wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye akasema, "Mnaona? Huyu ni hatari." Akaongeza mstari mmoja kwenye cheti. Kama angeinama akaangalia zile kamba kwa sekunde kumi tu, angejifunza zaidi kuliko kwa maswali yake yote matatu.

Akamwandikia vidonge vya kutuliza. Zuhura alivitema. Ziara iliyofuata akabadilisha, akaandika sindano, ile ya kuchomwa mara moja kwa mwezi ambayo tuliwapa watu wazima waliokuwa hawamezi dawa. Akapunguza kipimo, akasema inatosha kwa mwili wake. Mchomaji nilikuwa mimi.

Ilifanya kazi, kwa maana waliyoitaka wote. Mtoto alirudi shule. Alikaa kwenye dawati tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho, mate yakimtoka, bila kumsumbua mtu. Mwalimu mkuu alituletea barua ya shukrani yenye mhuri. Niliibandika ukutani pale kliniki, karibu na ratiba ya zamu. Ilikaa pale muda mrefu, na kila nikiikumbuka natamani ningekuwa na mikono mifupi isiyofika ukutani.

Mama Zuhura hakuleta barua. Alikuja mwezi wa nne au wa tano, akangoja nimalize kuchoma, akasema, "Sista, amenyamaza kupiga kelele. Lakini na kucheka amenyamaza."

"Mwili unazoea dawa, mama. Vumilia."

Maneno hayo niliyasema kwa watu wengi sana katika maisha yangu ya kazi. Mwili unazoea dawa. Nikiyasikia mdomoni mwenu nitajua mmechoka, au mnaogopa, au hamjui. Mimi nilikuwa naogopa.

Nilikuwa naogopa nini? Nitawaambia, ingawa ni jambo dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika. Ziara moja kabla ya Zuhura, nilimuuliza yule daktari kama dawa ya mgonjwa fulani haikuwa nyingi. Aliweka kalamu chini. Mbele ya korido nzima akasema, "Sista, wewe ni muuguzi au mshauri wangu?" Watu wakageuka kuniangalia. Nikasema, "Samahani daktari." Basi. Hakunipiga wala hakuniandikia barua. Nilinyamazishwa kwa sentensi moja, nikabaki kimya kwa miaka.

Ndani ya miaka hiyo mdomo wa Zuhura ukaanza kutafuna.

Nilikuwa naandaa sindano, nikamwona. Taya linakwenda, midomo inajikunja, ulimi unachungulia na kurudi. Nikadhani ana peremende. Nikamwambia afungue mdomo. Hakukuwa na kitu. Nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko wangu mzuri ninaousifu, "Mtoto anatafuna bila kitu mdomoni." Nikatia tarehe. Nilikuwa nimesoma chuoni jambo hili. Nilijua kwamba dawa hizi zinaweza kuharibu misuli ya uso, na kwamba dalili ikionekana unamwambia daktari siku hiyo hiyo. Niliandika. Nikachoma sindano. Mwezi uliofuata nikachoma tena.

Na bado, hata akiwa na dawa mwilini, mara moja au mbili kwa wiki, siku ambazo dawa haikumlemea sana, alikuwa anavunja kimya chake pale shuleni, akajiuma mkono, akakimbia. Ndipo nikafanya kosa la pili, na hili nililifanya kwa upendo, kwa hiyo lisikilizeni vizuri.

Kulikuwa na daktari katika mkoa mwingine, mwenye kliniki yake binafsi, aliyekuwa anasifiwa sana. Nilimsikia kwa mke wa mfanyakazi mwenzangu, naye alimsikia kanisani. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kukaa naye chumba kimoja. Lakini nilichoka kumwona yule mama akinitazama, nikataka kumpa kitu. Nikamwambia, "Mpeleke kule. Yule ni mtaalamu hasa." Nilisema hasa.

Akauza madumu yake yote ya mawese, hata yaliyokuwa hayajachujwa. Akaondoka kwa treni na mtoto na mumewe, ambaye alikuwa mvuvi na hakuwa mtu wa kusafiri. Walirudi baada ya siku nane. Alikuja kliniki peke yake.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Kaongeza dawa."

"Alimpima vizuri?"

"Alinipima mimi. Aliniuliza kama baba wa huyu mtoto ni baba yake kweli." Alisema akiangalia dirishani. "Baba yake alikuwa amekaa pale pale, sista. Kiti cha pili."

Miezi miwili baadaye yule mume alihamia kambi ya wavuvi huko kusini na hakurudi. Siwezi kusema lile swali ndilo lililomwondoa. Mama Zuhura aliwahi kuniambia kwamba tangu treni ilipoondoka kule mpaka Kigoma mumewe hakumwangalia mtoto usoni hata mara moja, na kabla ya hapo alikuwa ndiye anayemwogesha.

Kwa hiyo vijana, mtaulizwa. Wazazi watakuja kwenu, hawataenda kwa daktari kuuliza daktari gani ni mzuri, watawauliza ninyi, koridoni, kwa sauti ya chini. Msimtaje mtu mnayemjua kwa sifa tu. Kaeni chumbani kwake kwanza. Angalieni kama anamwangalia mtoto au anaangalia karatasi. Angalieni kama mama akianza sentensi anaachiwa kuimaliza. Muulizeni swali moja dogo kuhusu dawa aliyoandika, muone uso wake unavyokuwa. Vyeti vya ukutani havitawaambia chochote. Yule wa treni, nasikia, alikuwa na vyeti hadi chooni.

Daktari Salome alikuja wakati nilikuwa nimeshaacha kutegemea. Alitoka Njombe, akapangiwa kwetu moja kwa moja, bingwa wa akili aliyesomea watoto. Mwanamke mfupi, anayelalamikia joto kutwa nzima. Siku ya kwanza alikula samaki mgebuka wa kukaanga kwa ugali wa muhogo pale kwa mama ntilie wa getini, akalamba vidole, akasema, "Haya, hapa nitakaa." Tulimcheka kimoyomoyo. Tulijua wageni kama yeye hawakai.

Nilimpa faili la Zuhura miongoni mwa mafaili mengine. Yeye akaweka mengine pembeni.

Mama na mtoto walipokuja, alivua viatu akakaa sakafuni. Zuhura alikuwa na vizibo vya soda kwenye mfuko wa gauni, akavitoa, akavipanga mstari. Muda ulikwenda. Nilikuwa nawaza benchi zilizojaa nje. Daktari Salome akaomba vizibo viwili, hakupewa, akatoa shilingi za sarafu kwenye pochi yake, akapanga mstari wake kando ya ule wa mtoto, makusudi akauacha umepinda kidogo. Zuhura akautazama kwa dharau, nasema kweli, kwa dharau, akanyoosha kidole akairudisha ile sarafu iliyotoka mstarini mahali pake.

"Basi," daktari akasema, "tumeshasalimiana."

Kisha akamgeukia mama. "Mama Zuhura, wamekuuliza sana anafanya nini. Mimi usiniambie anafanya nini. Niambie dakika moja kabla hajafanya kunakuwa na nini."

"Hakuna kitu. Inamjia tu."

"Nyumbani pia?"

"Nyumbani si sana."

"Basi kesho tutakwenda shuleni."

Nilikwenda naye. Tulikaa nyuma ya darasa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yetu yamegusa videvu. Zuhura alikuwa karibu na dirisha, kichwa kimeinama, taya linatafuna. Saa nne kasoro mwalimu akatazama saa yake, akainuka kwenda mlangoni. Hajafika hata mlangoni, mtoto akaanza kutetemeka. Akakandamiza kidevu kifuani. Mwalimu akachukua chuma. Nje ya dirisha lile, hatua moja kutoka kichwani kwake, ilining'inia rimu ya lori. Ndiyo kengele ya shule. Alipoigonga hata mimi nilishtuka. Zuhura akajiuma mkono mpaka damu ikatoka, akapindua dawati, akapita mlangoni kama mshale.

Tulimkuta ufukweni, amezamisha masikio majini. Sikuwa nimewahi kufikiria kwa nini alikuwa anakwenda ziwani. Chini ya maji kuna ukimya.

Daktari Salome alirudi moja kwa moja shuleni. Alimkuta mwalimu mkuu, akamwomba, kwa adabu, kama inawezekana kuihamisha rimu. "Kengele iko hapo tangu shule ijengwe," mwalimu akasema. "Naona," daktari akasema, "lakini mti ule kule ukoje?" Kijana wa darasa la saba akapanda, akafunga kamba. Dakika kumi. Miaka mitatu ya sindano, na ilikuwa kazi ya kamba na dakika kumi.

Jioni akaniita ofisini. Faili lilikuwa wazi mezani.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, daktari."

"Uliona miaka miwili iliyopita."

"Niliona."

"Ulimwambia nani?"

"Niliandika."

"Sijakuuliza uliandika wapi. Nimekuuliza ulimwambia nani."

Akafunga faili. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba hali hii ikigunduliwa mapema na dawa ikasimamishwa mara nyingi misuli hurudi sawa, lakini huyu amekaa nayo muda mrefu, na huenda mdomo wake usitulie tena maisha yake yote. Kisha akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Hakunishtaki popote. Ningependa angenishtaki. Mtu akikuadhibu mnakuwa mmemalizana.

Alipomweleza mama kwamba mtoto ana usonji, kwamba amezaliwa hivyo, kwamba masikio na macho yake yanapokea dunia kwa nguvu kuliko ya kwetu, na kwamba hakuna sindano ya kuuondoa lakini kuna mengi ya kumfundisha, Mama Zuhura aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

Akaifungua kanga kiunoni, akaifunga upya. Akaifungua tena, akaifunga. Nadhani alifanya hivyo mara tano. Hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na nitaisema kwa ufupi kwa sababu ilikuwa mifupi. Dawa ilipunguzwa taratibu mpaka ikaisha. Tulimfundisha mama kumwonyesha Zuhura picha za mambo yatakayotokea kabla hayajatokea: kuoga, kula, shule, kurudi. Nilizichora mimi, vibaya. Samaki wangu alifanana na kiatu, na Zuhura alikataa kula samaki mpaka Daktari Salome alipomchora upya. Kucheka kulirudi. Siku moja aliingia kliniki akasema "maji," akanionyesha mtungi. Nilimpa kikombe. Mdomo haukutulia. Alicheka huku taya likitafuna.

Barua ya uhamisho wa Daktari Salome ilifika hata mwaka haujaisha. Waliandika kwamba kuna mkoa wenye uhitaji zaidi. Alikwenda ofisi zote kuomba abaki, hata zile ambazo hazikuhusika. Usiku wa kuamkia safari hakulala. Asubuhi alinikabidhi daftari aliloandika kwa mkono, kila mtoto na ukurasa wake, na nakala ya ukurasa wa Zuhura akampa mama yake kwa Kiswahili chepesi. "Sista Yustina," akaniambia, "usiandike tu." Akapanda gari.

Aliyekaimu nafasi yake hakuwa bingwa wa akili. Alikuwa daktari wa kawaida aliyebebeshwa kliniki yetu juu ya kazi zake nyingine, na simchukii, alikuwa amechoka. Siku moja koridoni mtu aliangusha sinia la vyuma, Zuhura akapiga kelele, akamuuma mgonjwa. Daktari akafungua faili la zamani, akaona sindano ilikuwa inamtuliza, akaandika irudishwe.

"Siichomi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Siichomi, daktari. Iliharibu mdomo wake. Ukurasa wa maelezo ni huu hapa."

Alinipa nafasi ya kubadili kauli, mbele ya watu, kama yule Daktari wa Ziara. Safari hii sikubadili. Nikaandikiwa barua ya onyo, ninayo kabatini, na katika karatasi zote za serikali nilizowahi kupokea ndiyo pekee ninayoipenda. Lakini msije mkadhani hapo nilishinda. Zamu yangu iliisha saa nane. Aliyenipokea alikuwa binti mgeni kazini, mpole, kama ninyi. Aliambiwa achome, akachoma.

Kesho yake Mama Zuhura hakuonekana sokoni Ujiji. Alikuwa amefunga vitu vyake, amepanda boti na mtoto kurudi kwao Kagunga. Hakuaga. Kule hakukuwa na daktari wa akili hata wa ziara, na nadhani ndiyo sababu alikwenda.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Waliniandalia keki na kitenge, mganga mkuu akasema nimehudumia jamii kwa uadilifu. Wiki iliyofuata nikapanda boti ya Kagunga. Sikumwambia mtu ninakwenda wapi. Nilivaa kile kitenge, nikabeba mkate, sukari na sabuni, nikajipanga maneno njia nzima, kwa Kiswahili na kwa Kiha, nikayafuta, nikayapanga tena.

Nyumba nilionyeshwa na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa. Mama Zuhura alikuwa uani, amezeeka kuliko nilivyotegemea. Aliinuka.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Mwakeye."

Akaitikia, akanipa kigoda. Akauliza habari za Ujiji, nani amekufa, nani anauza mawese siku hizi. Zuhura alikuwa amekaa karibu na ukuta akichambua dagaa kwenye ungo, msichana mkubwa sasa, kanga kichwani, taya likienda, likienda. Nilimaliza salamu. Nikasema, "Mama Zuhura, nimekuja kuomba…"

Zuhura akainua uso. Kwa kawaida hamwangalii mtu, lakini alinitazama mimi moja kwa moja, sijui kwa muda gani. Kisha akaweka ungo chini, taratibu. Akainuka akaenda kwenye mkeka uliokuwa kivulini, akajilaza kifudifudi, akakunja mikono chini ya paji la uso, akaukaza mwili wote, akangoja.

Mama yake akamtazama pale mkekani. Halafu akasema, "Amekukumbuka."

Nilipiga magoti kando ya mkeka. Nikamwambia sikuja na sindano. Nikamwonyesha viganja, vitupu, ingawa hakuwa akiona. Nikamwambia kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kiha, nikasema jina lake. Mgongo wake haukulegea. Nikangoja, nikaona namchosha. Nikaacha mkate na sukari juu ya kigoda, nikatoka uani, nikasimama nyuma ya ua wa matete. Ndipo nikasikia ungo ukiinuliwa, na dagaa wakianza kuchambuliwa upya.